Mwaka Usiokwisha Desemba

Kwa kalenda ya ukutani, mwaka 2020 ulikwisha Desemba 31 saa sita za usiku, watu wakatumiana salamu za heri kwa simu, wakalala. Kwa hesabu ya Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka tuliokuwemo ulianza Julai 2020 na ulikuwa bado haujaisha. Ulikuwa wa kufungwa Julai 2021 kwa moto, kwa kupigana kwa migomba na kwa kuoga, kama wazee wa huko walivyoifunga miaka yao tangu zamani.

Hesabu hiyo ni ya Nairuzi, mwaka wa jua wa siku 365 ambao mwambao wetu uliupokea kutoka upande wa Waajemi na kuufanya wake. Siku zake hupangwa kwa makumi. Kila kumi ni mwongo mmoja, miongo 36 hufanya siku 360, na tano zinazobaki ni za kufungia mwaka. Manahodha waliitumia kujua lini kaskazi itafungua na lini kusi itashika. Wakulima waliitumia kujua lini wateremshe mbegu. Haina siku ya ziada kila baada ya miaka minne, kwa hiyo hurudi nyuma taratibu. Katika karne ya 19 siku ya Mwaka, siku ya kwanza ya hesabu hiyo, ilikuwa ikiangukia mwishoni mwa Agosti. Sasa tunaikuta Julai.

Nimeamua kuutazama mwaka huu mgumu kwa hesabu hiyo. Nikiutazama kwa kalenda ya ofisini, unakatika vipande viwili, na kila kipande kina kisingizio chake: cha kwanza tulisema kitapita kikija cha pili, na cha pili tulikipokea tukidhani kimekuja na mambo mapya. Kwa hesabu ya Makunduchi tabu karibu yote inakaa pamoja ndani ya mwaka mmoja, toka mwanzo hadi mwisho, na mtu anaweza kuisimulia bila kuirukaruka.

Ilianza na msiba. Julai 24, 2020, nchi ilimpoteza Rais mstaafu Benjamin Mkapa. Oktoba 28 tukapiga kura, na Zanzibar ikatoka kwenye uchaguzi ule na majeraha: wapo waliopigwa, wapo waliokamatwa, na zipo nyumba za Unguja na Pemba zilizobaki na maiti. Desemba 8 kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Serikali ya Umoja wa Kitaifa ikarudi, na wengi wetu tukashusha pumzi. Siku kumi na saba baadaye, mchana wa Krismasi, sehemu kubwa ya jumba la kale la Beit al-Ajaib ikaporomoka na kuua mafundi wawili waliokuwa kazini. Februari 17, 2021, Maalim Seif akafariki dunia katika Hospitali ya Muhimbili. Siku hiyohiyo akafariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Mwezi mmoja kamili ukapita, na usiku wa Machi 17 tukatangaziwa kifo cha Rais John Magufuli. Wananchi walipojazana Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, kumuaga, watu 45 wakafa katika msongamano.

Rais mstaafu, Rais aliye madarakani na Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, wote ndani ya miezi minane. Sijui kizazi gani cha nyuma yetu kiliwahi kuzika namna hiyo.

Aprili ilipokaribia kwisha, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatuonya kwamba kimbunga Jobo kinakuja. Boti za Dar es Salaam na Unguja zikasimama, wavuvi wakavuta ngarawa zao mpaka juu kabisa ya pwani, na watu wakakaa na redio. Kwa rehema za Mungu kilidhoofika kabla ya kufika nchi kavu. Nakumbuka watu walivyolipokea jambo lile: hapakuwa na shangwe, kwa sababu tulikuwa tumeshachoka hata kuogopa. Mtu alikuambia tu kwamba limetupita, akaendelea na shughuli yake.

Nikirudi kwenye Beit al-Ajaib, nasimama kidogo, maana msiba ule umetuuma kwa namna ambayo mgeni anaweza asiielewe. Jumba lile lilijengwa mwaka 1883, enzi za Sultan Barghash, na lilikuwa la kwanza hapa kuwa na umeme na lifti. Mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 iliangusha kasri la jirani, lenyewe likabaki. Mapinduzi ya 1964 yalipita, likabaki. Watoto wa skuli wa vizazi kadhaa wamepigwa picha mbele ya milango yake, na mtu anayekuja na boti kutoka Bara alijua amefika alipoliona. Lilianguka likiwa linakarabatiwa. Mvua ziliingia kwenye kuta zake miaka mingi kabla mafundi hawajaingia, na vipande vyake vilishaanza kudondoka tukiangalia. Wale mafundi wawili walikufa wakilipa deni la uzembe wa muda mrefu ambao haukuwa wao. Ningependa majina yao yaandikwe ukutani siku jengo litakaposimama tena, mahali ambapo kila anayeingia atayaona.

Lakini misiba ya wakubwa na jengo kubwa ndiyo inayoandikwa magazetini. Chini yake ulikuwepo mwaka mwingine, wa majumbani, uliokaa kimya.

Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea watalii 538,264. Mwaka 2020 wakaja 260,644. Utalii ulikuwa ukichangia karibu asilimia 30 ya pato la visiwa hivi, na sehemu kubwa zaidi ya fedha za kigeni. Hoteli zilipofunga milango Machi 2020 kwa sababu ya Korona, wa kwanza kurudishwa nyumbani walikuwa wapishi, wahudumu na walinzi, wengi bila malipo. Baada yao ikafuata foleni ndefu ambayo haimo kwenye daftari la mshahara la hoteli yoyote: dereva wa gari la kukodi, papasi wa Forodhani, mwenye boti ya kupeleka wageni Changuu, mama anayefua mashuka, kijana anayeuza madafu, mvuvi wa Jambiani aliyekuwa na mteja mmoja tu wa pweza wake naye ni jiko la hoteli. Mkulima wa mchicha wa shamba alijua watalii hawaji hata kabla ya kusikia redioni, kwa sababu gari la kuchukua mchicha halikuja.

Zanzibar ilifungua tena milango kwa wageni Juni 2020, na ilipofika mwisho wa mwaka ndege zilizojaa Warusi zikawa zinatua uwanja wa ndege wa Kisauni moja kwa moja kutoka kwao. Nungwi na Paje zikawaka taa. Watu waliokopa wakaanza kulipa. Halafu Aprili 15, 2021, Urusi ikasimamisha safari zake za Tanzania kwa sababu ya maradhi. Kwa mtu aliyekuwa ameitwa tena kazini Januari na kurudishwa tena nyumbani Aprili, pigo la pili liliuma kuliko la kwanza. Mara ya kwanza alikuwa na akiba, na dunia nzima ilikuwa imefungwa pamoja naye. Mara ya pili alikuwa na madeni, na mwenye nyumba alikuwa ameshachoka kusamehe kodi.

Nimewaona vijana wa pwani ya mashariki walioacha bahari kwa ajili ya hoteli wakirudi baharini. Wengine walirudi kwa mama zao kwenye mwani. Kilimo hiki kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo kimekuwa kazi ya wanawake kwa wingi mkubwa. Ni kazi ya bamvua: maji yakitoka sana wanateremka, wanafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizowambwa baina ya vigingi viwili, wanang'oa uliokomaa, wanabeba vichwani ukiwa unachuruzika maji ya chumvi, wanauanika. Jua la pwani likiwa kali na maji yakipata moto, mwani hupauka na kukatika. Bei ni ndogo, mnunuzi ndiye anayeisema, na mgongo unaumia. Miaka mingi watoto wa kiume wa kina mama hawa waliidharau kazi hii waziwazi. Mwaka huu ikawalisha. Nimelitaja hili kwa sababu naona limeleta heshima iliyokuwa imechelewa, na heshima hiyo ni miongoni mwa vitu vichache ambavyo ningetaka tutoke navyo katika mwaka huu tusiviache nyuma.

Sasa lile lililo gumu kulisema.

Kufikia Mei 2020 hesabu za serikali zilionyesha kuwa wagonjwa wa Korona nchini ni 509 na waliofariki ni 21. Hesabu rasmi ya nchi ikasimama pale kwa zaidi ya mwaka. Makaburi hayakusimama. Januari na Februari 2021 simu za usiku zilikuwa nyingi, na tulipouliza marehemu alikuwa na nini tuliambiwa nimonia, au changamoto ya upumuaji, au tuliambiwa ni siku yake tu imefika. Ni kweli siku ikifika imefika. Lakini jirani aliyekaa na mgonjwa, aliyemwosha maiti, aliyesimama katika safu ya sala ya jeneza bega kwa bega na wengine, alikuwa na haki ya kujua alichokaa nacho. Tulijifukiza nyungu za majani ya mkaratusi na mchaichai, tukanywa tangawizi na limau, tukaambiana tusitishane. Hofu ikawa haina pa kwenda. Kila mtu akabaki nayo moyoni, akiwatazama wazee wake usiku wanavyopumua.

Katika hali hiyo chama cha Maalim Seif kilitoka hadharani mwishoni mwa Januari na kusema kwamba kiongozi wao na mkewe wameugua Korona. Alikuwa na umri wa miaka 77. Amefanya mengi katika siasa za visiwa hivi, na watu watabishana juu yake kwa miaka mingi ijayo, lakini kukubali kwake kuutaja ugonjwa wake kwa jina, wakati ambao kuutaja kulikuwa na gharama, naliweka miongoni mwa mambo makubwa aliyowafanyia Wazanzibari. Baada ya hapo nyumba nyingi zilipata ujasiri wa kuvaa barakoa. Alizikwa kwao Mtambwe, Pemba, na umati wa watu waliomsindikiza ulikuwa mkubwa.

Mwanamke aliyefiwa na mumewe katikati ya Februari aliingia edani. Eda ya kifo ni miezi minne na siku kumi kwa hesabu ya mwezi mwandamo, kwa hiyo ilimalizika mwishoni mwa Juni. Walikuwa wengi mwaka huo. Kila ninapofikiri juu ya wajane wa Februari naona jinsi wazee na sheria yetu walivyokuwa waangalifu na huzuni. Waliipa mwanzo na mwisho. Kuna siku tatu za matanga, kuna khitma, kuna arubaini kwa wanaoifanya, kuna eda. Ndani ya muda huo majirani wanajua wafanye nini: nani alete wali, nani alale na wafiwa, nani aende sokoni badala ya mjane. Muda ukiisha, mwanamke anaoga, anavaa, anatoka. Hakuna anayemwambia amesahau mumewe, na hakuna anayemtaka aendelee kukaa gizani. Hapo katikati amepewa nafasi ya kulia mpaka mwisho.

Mwaka huu wetu kwa jumla haukupewa nafasi hiyo. Tumezika bila kuhesabu, tumegombana bila kusuluhishana, tumefukuzwa kazi bila kuambiwa asante, kisha kila Januari tunatakiana heri ya mwaka mpya kwa haraka kama watu wanaopita penye uvundo. Ndiyo maana mawazo yangu yamekwenda Makunduchi.

Wasiowahi kufika huko wanaujua Mwaka Kogwa, sherehe ya siku ya Mwaka, kwa picha za gazetini: wanaume wanapigana kwa migomba, kibanda cha makuti kinawaka moto, wanawake wamevaa nguo za rangi wanapita mashambani wakiimba. Kinachosahauliwa ni mpangilio. Kwanza ni ugomvi. Wanaume wa upande wa kusini na wa upande wa kaskazini ya mji wanakutana uwanjani na kutwangana, na anayetaka kumaliza hasira ya mwaka mzima na jirani yake anayo ruhusa. Silaha ni mgomba, ambao unauma bila kuvunja mfupa. Wazee wapo wanaangalia. Baada ya ugomvi ndipo kibanda kinachomwa na mwaka uliopita unateketea nacho. Kisha ndiyo kula, ngoma, kutembeleana na pwani. Kila nyumba inataka mgeni siku hiyo. Mtu kukosa mgeni wa kumlisha ni jambo la kumtia unyonge.

Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyechapisha kitabu chake cha Kiswahili mwaka 1870, aliikuta siku ya Mwaka Unguja ikiwa ya watu wote, mjini na shamba. Aliandika kwamba watu walioga baharini, wakala chakula cha nafaka na kunde kilichopikwa kwa wingi, wakazima mioto yao na kuiwasha upya kwa kupekecha kijiti. Aliandika pia kwamba zamani magomvi ya kale yalikuwa yakipiganwa siku hiyo, na hata damu iliyomwagika haikuulizwa. Mapigano ya aina hiyo tuliyaacha, na ni vizuri tuliyaacha. Makunduchi wakabakiza mgomba.

Wapo masheikh wanaoipinga siku hii na kusema haina nafasi katika dini; nawaheshimu, na mjadala huo si wangu kuumaliza. Wapo pia wanaolalamika kwamba imegeuzwa maonyesho kwa ajili ya watalii, na katika hilo nakubaliana nao kwa sehemu. Ninachokishika ni ule mpangilio. Aliyeupanga, yeyote yule, alijua kwamba watu hawawezi kukaa kwenye chakula kimoja na kutazamia mwaka mwema ilhali kila mmoja ana neno lake kooni. Akaliweka neno lile mbele ya watu, mchana, mbele ya wazee, na akalipa saa zake.

Na mwezi ambao siku hiyo inaangukia sasa unawafaa watu wanaojua njaa. Julai masika imeshapita, kipupwe kimeingia, kusi inavuma, na katika zile ardhi za uwanda za kusini, ambazo udongo wake umejibanza baina ya mawe, kilichokuwa cha kuvunwa kimevunwa. Mtu anaufungua mwaka akiwa na kitu ndani. Januari yetu ya ofisini inatukuta jua kali, wazazi wanahangaikia sare na madaftari ya skuli, na mfuko umetobolewa na Desemba. Nani anaweza kutumaini sawasawa katika hali hiyo? Tunatamka matumaini Januari kwa sababu dunia yote inayatamka, kisha tunayarudisha sandukuni kabla mwezi haujaandama mara ya pili.

Basi kama ningepewa uwanja wa Makunduchi kwa ajili ya Zanzibar nzima Julai ile ya 2021, ningeanza na Oktoba. Tulikuwa na Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Mizizi yake ni maridhiano ya Novemba 2009 baina ya Rais wa Zanzibar Amani Karume na Maalim Seif, na kura ya maoni ya Julai 31, 2010, ambapo zaidi ya asilimia 66 ya wapiga kura walisema ndiyo. Nimekaa kwenye baraza za mjini na za shamba kipindi kile, na sijaona tena watu wa vyama viwili wakinywa kahawa kwa raha namna ile. Uchaguzi wa 2015 uliofutwa ukaivunja raha hiyo. Serikali hiyo ilirudi Desemba 2020, na baada ya msiba wa Februari 2021 Othman Masoud Othman alishika nafasi ya Makamu wa Kwanza. Haya yote ni mema na nayashukuru. Lakini viongozi kukaa meza moja Ikulu hakumfikii mama wa Pemba ambaye mwanawe hakurudi usiku ule wa Oktoba. Yeye hajaambiwa kitu. Anataka kujua nini kilitokea, nani alikuwepo, na kama kuna mtu atakayekuja kukaa naye mkekani na kusema samahani. Umoja unaomruka mama huyo utavunjika tena uchaguzi mwingine ukija, maana kilichoachwa kooni hakiozi.

Baada ya Oktoba ningeyaleta maradhi. Hapa ninaona mwanga, na nausema kwa furaha. Machi 19, 2021, Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais wa Jamhuri ya Muungano, mwanamke wa kwanza katika kiti hicho, na watu wa kusini Unguja walimjua kabla ya hapo kama mbunge wao: alikuwa Mbunge wa Makunduchi kuanzia 2010 hadi 2015. Alipounda kamati ya wataalamu kuchunguza suala la Korona, ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nchi kuzungumza juu ya maradhi haya kwa sauti ya kawaida. Kamati ilitoa mapendekezo yake Mei, ikashauri chanjo na ukweli wa takwimu. Tanzania ikajiunga na mpango wa chanjo wa Covax. Juni 28 Rais alikutana na wahariri na kusema wazi kwamba wagonjwa wa wimbi la tatu wapo, na mwenyewe alionekana na barakoa. Mtu anaweza kuona ni mambo madogo. Kwa sisi tuliopokea simu za Februari yalikuwa makubwa, kwa sababu nesi aliweza kumwambia mgonjwa ana nini, na mtoto aliweza kumkataza babu yake asiende kwenye mkusanyiko bila kuonekana mkosefu wa imani.

Natumaini hatutaishia hapo. Hesabu za waliokufa hazitapatikana zote, lakini misikiti na makanisa yana kumbukumbu zake za mazishi, masheha wanawajua watu wao nyumba kwa nyumba, na familia zinazo tarehe. Shehia moja ikiamua kukaa na kuandika majina ya wote iliowazika baina ya Julai 2020 na Julai 2021, kisha ikawasomea khitma ya pamoja, haihitaji bajeti wala ruhusa. Majirani watajua kwamba msiba wao haukuwa wa peke yao. Wengi waliofiwa katika mwaka huu wanaamini hivyo mpaka leo, kwamba wao tu ndio walionyang'anywa, kwa sababu mazishi yalikuwa ya haraka na maneno yalikuwa ya kunong'ona.

Juu ya kazi sina mengi, kwa kuwa ndege zitakuja au hazitakuja kwa mambo yanayoamuliwa mbali na hapa. Nilichotaka ni hoteli zilizokuwa zikiita watu kazini upya zianze na wale ziliowarudisha nyumbani. Kijana aliyekaa miezi kumi akifunga mwani na mama yake, halafu akasikia nafasi yake imepewa mgeni kwa mshahara mdogo zaidi, hatausahau mwaka huu kwa kuchoma kibanda. Na wenye hoteli za kusini wanaweza kuanza kununua sabuni za mwani zinazotengenezwa na wanawake hawahawa, hatua chache kutoka kwenye mageti yao, badala ya kuagiza katoni kutoka nje. Hilo haliombi mtalii hata mmoja zaidi.

Julai 2021 siku ya Mwaka na Idi Kubwa zilikaribiana. Mahujaji walikwenda Makka, lakini hakuna hata mmoja aliyetoka hapa: mwaka 2020 Saudi Arabia iliruhusu watu wachache tu waliokuwa tayari nchini mwake, na mwaka 2021 iliruhusu 60,000, wote wakaazi wa huko. Kulikuwa na wazee wa Unguja na Pemba waliokuwa wamekamilisha fedha zao kwa ajili ya Hijja ya 2020. Waliuza karafuu, waliuza ng'ombe, watoto wao walio Muscat na London walichangia. Pasipoti zilikuwa tayari, ihramu zilikuwa zimenunuliwa. Wapo waliofariki wakiwa wanasubiri, na watoto wao walizungumza namna ya kuwahijia. Waliobaki walihesabu: mmoja akiangalia magoti yake kama yatakubali kutufu mwaka unaofuata, mwingine akiuliza kila Ijumaa baada ya sala kama ipo habari. Nilimuomba Mungu mwaka uliokuwa ukifunguliwa uwafikishe, na chanjo ikifika waipate hao kwanza.